Dawa ya Madoa

Jina la Madoa alipewa na wateja, na mgeni aliyelisikia kwa mara ya kwanza alidhani ni tusi. Akija kumwona mwenyewe, akazidi kushangaa: mtu nadhifu, shati jeupe, kola imesimama wima, kucha fupi kama za daktari wa meno. Hilo jina lilikuwa la kazi yake. Alikuwa fundi wa kutoa madoa katika duka la dobi pale kona, tangu ujana wake mpaka mikono ilipomsaliti.

Lile halikuwa duka la karai na kamba. Nguo zilizoletwa pale zilikuwa zile zisizotakiwa kuguswa na maji: suti za sufu, majoho ya mahakimu, magauni ya maharusi, mapazia mazito ya hoteli. Ziliingizwa kwenye mashine kubwa yenye mlango wa kioo, zikaogeshwa kwa dawa badala ya maji, zikatoka kavu na zimenyooka. Dawa yenyewe ilikuja kwa mapipa. Jina lake lilikuwa refu mno, limeandikwa ubavuni mwa pipa, na hakuna aliyejisumbua kulitamka. Waliiita dawa tu, basi, kama vile kuna mgonjwa aliyekuwa akiponywa.

Kabla nguo haijaingia mashinani, ilipita kwanza mezani kwa Madoa. Alikuwa akiisoma. Akilipapasa doa kwa kidole, akalinusa, akalitazama kwenye mwanga wa dirisha, akajua ni damu, wino, mafuta ya baiskeli au machozi yenye wanja. Siku moja bwana mmoja mnene alileta koti lenye alama nyekundu begani, akasema kwa haraka, "Mchuzi huo, fundi. Mchuzi tu."

Madoa akaligeuza koti, akalitazama, akalikunja kwa heshima. "Naam, mzee. Siku hizi hata mchuzi una midomo."

Duka zima liliangua kicheko, na yule bwana naye akacheka, maana afanye nini? Akawa mteja wa miaka.

Alifanya kazi hiyo ameinama, uso karibu na kitambaa, mkono mtupu umeshika kipande cha pamba kilicholoweshwa dawa. Glavu zilikuwepo, zimening'inia msumarini zikikusanya vumbi. Nani atoe wino kwenye hariri akiwa amevaa mifuko vidoleni? Na mwisho wa wiki yeye ndiye aliyeingiza kichwa na mabega ndani ya mashine kukwangua tope jeusi lililobaki kwenye kichujio. Harufu ilikuwa tamu, tamu kama tunda lililoiva kupita kiasi. Wakitoka jioni, yeye na mwenzake mpiga pasi, ambaye wote walimwita Pasi, vichwa vilikuwa vyepesi na barabara inacheza chini ya miguu.

"Watu wanahangaika na vilabu," Pasi alikuwa akisema. "Sisi tunalewa bure, tena kazini, tena bosi anajua."

Bosi alijua kwa sababu naye alikuwemo humo humo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lazima lisemwe mapema. Alianza na mashine moja iliyokwisha tumika, akaiendesha kwa mikono yake. Mke wa Madoa alipopata uchungu wa mtoto wao wa kwanza, ambaye ndiye aliyekuwa wa mwisho pia, ni gari la bosi lililompeleka hospitali, na bosi mwenyewe ndiye aliyeendesha, anakanyaga mafuta huku akisali kwa sauti kubwa kuliko mzazi. Binti akazaliwa. Madoa hakulisahau hilo.

Ugonjwa ulipoingia nyumbani kwake haukubisha hodi. Asubuhi moja Madoa alikuwa amekaa jikoni anasoma gazeti, sufuria ya maziwa iko motoni nyuma yake. Mkewe akaingia mbio kutoka uani, moshi umejaa mpaka darini.

"Baba, nyumba inaungua na wewe umekaa?"

Akageuka. Akauona moshi kwa macho, lakini puani hamkuwa na kitu. Yule mtu aliyekuwa akinusa koti na kukuambia mwenye koti alikula wapi jana, hakusikia harufu ya maziwa yanayoungua nyuma ya kisogo chake. Wakasema ni mafua.

Baadaye kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kusugua kidole cha shahada, polepole, bila kuagizwa, kama mtu anayeviringisha punje ya mchanga. Akikitazama kinatulia, akikisahau kinaanza tena. Halafu bega likakaza. Halafu uso ukaganda. Huo uso ndio uliomuumiza mkewe kuliko yote, maana walikuwa watu wa utani.

"Nimekukosea nini?" mkewe akamuuliza siku moja.

"Hujanikosea."

"Basi mbona uso umeufunga kama duka siku ya mapumziko?"

Alicheka. Alihisi anacheka, kifuani kicheko kilikuwepo kizima kizima. Lakini mkewe, aliyekuwa akimtazama, hakukiona.

Kule kazini alichana shela la bibi harusi. Hakulitia doa, alilichana, mkono uliruka wenyewe. Bosi hakufoka. Alimhamishia mbele, kaunta, kupokea nguo na kuandika risiti. Lakini mwandiko ukaanza kusinyaa, herufi zinapungua kadiri mstari unavyoendelea, mpaka mwisho wa mstari ni kama wayo wa sisimizi. Wateja wakalalamika. Na kwa kuwa uso haukuwa unacheka tena, wengine wakasema Madoa siku hizi anajiona. Wengine wakasema anakunywa. Hatimaye bosi alikuja mwenyewe nyumbani, akaketi, akakohoa, akasema: "Wewe pumzika. Nafasi yako haitapotea. Aje binti."

Walimshukuru. Mke alimshukuru mpaka akatoa chozi. Binti alikuwa amemaliza shule na hakuwa amepata kazi, akavaa sare ya bluu, akasimama kaunta alipokuwa amesimama baba yake.

Daktari wa mishipa ya fahamu, waliyemngojea kwa miezi, alimwambia afungue na kufumba kiganja, atembee, ageuke, aandike jina lake. Kisha akaupa ugonjwa jina, akasema hauponi ila hutulizwa kwa vidonge, na vidonge navyo kwa saa zake. Mwisho akauliza, "Ulikuwa ukifanya kazi gani?"

Madoa akamwambia. Daktari akaweka kalamu chini.

"Kuna utafiti unaoihusisha dawa hiyo na ugonjwa huu."

"Kwa hiyo ndiyo iliyonifanya hivi?"

"Kwako wewe, siwezi kusema ndiyo. Wala siwezi kusema siyo. Wapo wanaougua ambao hawajawahi hata kuisikia, na wapo walioishika maisha yao yote na ni wazima."

Walipotoka nje, mke akasimama kwenye ngazi. "Sasa tumepewa jibu," akauliza, "au tumerudishiwa swali letu?"

Haukupita muda mrefu, lile swali likawa la nchi nzima. Wabunge fulani walitaka dawa ipigwe marufuku. Kila asubuhi redio iliweka watu wawili: mtaalamu wa chuo kikuu, bibi mwenye sauti ya taratibu, na msemaji wa chama cha wenye viwanda. Bibi akitaja wagonjwa waliohesabiwa na panya waliopimwa, msemaji alimngoja amalize, halafu anasema neno lake lile lile: "Kuhusishwa si kusababisha." Alilisema mara nyingi hata likawa msemo mtaani. Mtoto akivunja kikombe: "Nimehusishwa tu, mama, sijasababisha." Watu walicheka. Madoa naye alilisikia kutoka kwa mtoto wa jirani, akalicheka kwa ndani, kule kicheko chake kilikokuwa kimehamia.

Ndugu, jirani, wateja wa zamani, kila mtu alikuwa na upande. Waliokuwa na mtu dobini walisema ni chokochoko za wasiotaka watu wale. Wasiokuwa na mtu walisema ifungwe hata leo. Mkewe aliyasikiliza yote, siku moja akasema, "Wahenga walituambia kikulacho ki nguoni mwako. Hata wao hawakujua iko siku mtu atalisema hilo bila fumbo."

Ndipo akaja wakili. Msichana mdogo, mkakamavu, mwenye sauti ya kutumwa na haki. Alikuwa akiwatafuta wagonjwa wa kuzungumza kwenye baraza la wazi ambalo kamati ya bunge ingelifanya ukumbini.

"Wamesikia takwimu mpaka zimewatoka masikioni," akasema. "Hawajamwona mtu. Nataka wakuone wewe, mzee wangu."

"Na binti yetu?" mke akadakia. "Yuko pale pale kaunta. Kibarua chake ndicho kinachonunua vidonge vya baba yake. Baba akiiangusha dawa ile, na hii dawa nyingine itatoka wapi?"

Wakili akaandika tarehe ya baraza kwenye karatasi, akaiacha mezani.

Kesho yake bosi naye akafika, na mfuko wa machungwa. Alikaa muda mrefu bila kulitaja jambo. Kisha akasema, "Sikuja kukuziba mdomo, ndugu yangu. Sema unachotaka. Ila ujue mashine za aina mpya siziwezi. Wakipiga marufuku, nafunga, na wote wanakwenda nyumbani." Halafu lililokuwa likimkereketa likamtoka: "Na mimi nilisimama mle mle. Nilivuta harufu ile ile. Mbona mimi sitetemeki?"

Aliinua mikono yake miwili, akainyoosha mbele. Ilitulia kama rafu ya ukutani.

Madoa aliitazama mikono ile. Kwa kitambo kifupi, kifupi mno, alitamani itikisike. Akaona haya. "Sijui, bosi," akasema. "Hilo ndilo nami ningependa kuambiwa."

Aliamua kwenda. Hakumchukia mtu. Alikuwa amepanga maneno machache: kwamba aliipenda kazi yake, kwamba hataki mtu afukuzwe, kwamba anaomba tu wale waliosoma watafute ukweli kwa bidii ile ile wanayoitumia kubishana. Aliyafanyia mazoezi mbele ya mkewe, anakazana kuinua sauti, maana na sauti nayo ilikuwa imeanza kuzama. Na alipanga vidonge. Mwenye ugonjwa ule huishi kwa vidonge kama taa kwa mafuta: kidonge kikipanda, anatembea na kuongea, kikishuka, anazima. Wakili alimhakikishia kwamba atakuwa wa kwanza asubuhi. Basi akakimeza kwa wakati, akaingia ukumbini kwa miguu yake, shati jeupe, kola imesimama.

Mwenyekiti wa kamati akachelewa. Alipofika, kukawa na salamu, na utambulisho, na kila mheshimiwa akaomba "dakika moja tu." Ukumbi ulijaa. Upande wa kushoto, bosi alikuwa amelifunga duka na kuwaleta wafanyakazi wote na sare zao za bluu, na mabango mikononi: KAZI KWANZA. Binti alikuwa katikati yao. Bango lake alilishikilia chini, maandishi yanatazama magoti. Macho yake na ya baba yake yalikutana, wote wawili wakayaondoa.

Msemaji wa viwanda akaonyesha michoro yake ukutani, mmoja baada ya mwingine. Bibi wa chuo kikuu akajibu. Msemaji akaomba kujibu jibu. Wakili alikwenda mara ya kwanza, na ya pili, kumnong'oneza karani kwamba shahidi wake ni mgonjwa, tafadhali asogezwe. "Kila mtu kwa zamu yake," karani akasema. Wakavunja kikao kwa chai. Madoa akahisi kidonge kinashuka. Alianza kukihisi miguuni, kama maji ya baridi yanayopanda. Akameza kingine, lakini kidonge kilichochelewa hakikimbizi muda.

Alipoitwa, mchana ulikuwa umekwisha kolea. Aliinuka kwa kuinuliwa na mkewe, akaingia kwenye njia iliyo kati ya viti, na hapo miguu ikakwama. Haikumuuma. Iligoma tu, kama iliyopigiliwa misumari sakafuni. Mwili wa juu ulitaka kwenda, wa chini ulikataa.

"Mzee, tafadhali," mwenyekiti akasema, "muda hautungoji."

Kutoka nyuma mtu akapaza sauti: "Anaigiza huyo! Asubuhi si aliingia anatembea mwenyewe?"

Na ilikuwa kweli, aliingia anatembea. Hilo ndilo lililokuwa baya. Vicheko vikapita hapa na pale, vingine vya aibu, vingine vya kweli. Pasi, aliyekuwa mstari wa mbele wa wenye sare, akainamisha kichwa. Mke wa Madoa alimvuta mumewe mkono, lakini kumvuta kulimwongezea kukwama, akabaki anatikisika mahali pamoja mbele ya watu wote waliokuja kuona mtu badala ya takwimu.

Binti akaegemeza bango kwenye kiti. Akawapita wenzake, akaja mbele ya baba yake, akaweka mguu wake mmoja mbele ya miguu yake, umelala kama kizingiti.

"Vuka, Baba," akamwambia kwa upole, kama walivyozoea nyumbani kwenye mlango wa chooni.

Akavuka. Kwa nini mguu unaoshindwa sakafu tambarare unaweza kuvuka kizingiti, hata madaktari hawalielezi vizuri. Akaweka mguu tena. "Vuka." Wakaenda hivyo mpaka kwenye kipaza sauti.

Madoa akafungua kinywa. Alijua maneno yake yote, yalikuwa yamejipanga. Lakini binti alikuwa amesimama pale ubavuni, sare ya bluu, na yale maneno aliyoyafanyia mazoezi yakaondoka yote, likabaki moja. Akalisema. Kipaza sauti kikatoa mvumo wa pumzi.

"Sauti, mzee," mwenyekiti akasema.

Akarudia. Pumzi tena.

Wakili akasimama. "Mheshimiwa, naomba binti yake amsemee. Yeye anamsikia."

Msemaji wa viwanda naye akasimama, kwa adabu kabisa. Binti huyo, akasema, ni mfanyakazi wa upande mwingine, na hakuandikishwa kuwa shahidi. Wanakamati wakainamiana. Mwenyekiti akaonekana kweli kusikitika. "Utaratibu hauruhusu," akasema. "Tunamshukuru mzee kwa kufika."

Katika taarifa rasmi aliandikwa hivi: shahidi alijitokeza, hakusikika.

Alichokisema, binti alikisikia peke yake. Alisema, "Mtoeni mwanangu mle ndani."

Binti hakurudi kwenye mstari wa sare. Aliketi na wazazi wake mpaka mwisho, mkono wa baba ukimtikisikia mapajani kama ndege aliyeshikwa. Bango lilibaki pale lilipoegemea, na wakati wa kutoka mtu alilikanyaga.

Kamati iliamua kwamba utafiti uendelee, na wenye viwanda wapewe muda wa kujiandaa, muda mrefu, utakaoweza kuongezwa. Jioni ile pande zote mbili zilitangaza redioni kwamba zimeshinda. Wiki iliyofuata redio ilikuwa inazungumzia nauli.

Bosi hakumgusa binti. Wala hakuuliza baba yake alitaka kusema nini. Lakini Pasi, ambaye tangu siku ya ukumbini alikuwa akiitazama mikono yake kila alipoiweka mezani, aliaga akaenda kulima kwao, na kule nyuma, ambako Pasi alikuwa ameshika na meza ya madoa, kukahitajika mtu anayejifunza upesi. Binti alikuwa mwepesi, alikuwa na jicho la baba yake. Bosi akamwita.

"Nimekubali," binti akasema nyumbani, anatazama sahani.

Mama yake aliendelea kupakua viazi, mwiko haukusimama.

"Usikubali," Madoa akasema.

"Nikiacha, Baba, vidonge nani atanunua?"

"Niache nitetemeke."

"Siwezi kukuacha utetemeke."

"Na mimi siwezi kukuacha..." Sauti ikaishia hapo. Binti akangoja, kwa adabu, aimalizie sentensi. Haikumalizika. Basi wakala.

Alichobakiwa nacho ni kumfundisha. Yeye ambaye glavu zake ziliozea msumarini sasa alihimiza glavu kama sheikh anavyohimiza sala. Usiiname. Usinuse, hata ukitamani kujua ni doa la nini. Mashine usiifungue mpaka imetulia, na ukiifungua geuza uso. Na dirisha la ubavuni, mwanangu, lile linalotazama barabara, liwe wazi wakati wote. Binti aliitikia kila neno, "Sawa, Baba, sawa," na bosi kweli alinunua barakoa, na binti kweli aliivaa, isipokuwa joto lilipozidi.

Mbele ya posta, ng'ambo ya barabara, kuna benchi. Madoa alianza kwenda kukaa pale kila asubuhi, mkewe anamfikisha na kumwachia mkongojo. Kutoka benchini dirisha la ubavuni linaonekana vizuri. Likiwa wazi, anakaa. Wapita njia wanamsalimu, wengine wanamwona mzee anayeota jua.

Siku moja mvua ilianza ghafla, mvua ya upepo, inaingia ndani ya maduka. Akaona mkono umetoka ukalivuta dirisha, likafungwa. Mkono wenyewe haukuwa na glavu, au labda alikosea, mvua ilikuwa kali. Akangoja lifunguliwe. Halikufunguliwa. Akashika mkongojo, akainuka nusu, miguu ikagoma. Akamwita mwanawe kwa nguvu zake zote.

Kijana mmoja aliyekuwa anakimbia mvua akasimama, akadhani mzee anamsalimu. "Shikamoo, mzee wangu," akasema, akamsogeza chini ya paa la posta, akamkalisha vizuri, akamfuta maji usoni kwa kitambaa chake. "Kaa hapa usilowe."

Madoa alikuwa akimwambia jambo. Kijana akainama, akatega sikio, akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda zake.